Bamba Ambalo Hukulifunga

Afande Otim,

Shemeji, mkeo, ndiye aliyenituma kwako. Nilikwenda kwake Jumamosi na maneno mengi kifuani. Akanisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani, kisha akasema, "Wafula, kama uko na maneno na Otim, pelekea Otim. Mimi usiniletee tena." Nimekaa na hayo siku nne. Leo nimefunga karakana saa tisa, nimegeuza kopo la rangi nikalikalia, nimechukua daftari ambalo Faith hakulimaliza shuleni, na nimeanza.

Nilikuwa nimeapa nikuite Otim tu, kavu. Mkono umekataa. Tangu siku nilipoingia Kampala kutoka Bungoma sikuwahi kukuita jina jingine, nawe hukuwa hata askari tena. Sare ulishaivua zamani, baada ya vita vya themanini na sita, na kilichobaki cha jeshi ni ile nyonga yenye chuma ndani, na Kiswahili chako cha kambini ambacho mimi Mkenya nilikicheka mpaka nikaanza kukiongea.

Ulikuwa mtu wa kutaka habari kwanza, basi pokea habari. Faith ameingia sekondari. Nasimiyu, mama yake, amepunguza kushona, macho yanamsumbua. Hapa Ntinda wamejenga ghorofa mbele yetu, kwa hiyo karakana haipati jua mpaka saa nne. Shemeji bado yuko kwenu Namuwongo, pale kando ya reli, na treni bado inapita inapojisikia.

Na picha yako nimeitoa ukutani.

Faith hajaongea nami vizuri tangu siku hiyo. Wewe ndiye uliyemsimamia ubatizo, wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa Kyambogo, ukimfuata mbio kwa mguu mmoja na nusu. Aliniuliza, "Baba, Afande amekukosea nini na amekufa?" Nikamwambia asubiri. Bado anasubiri.

Sasa nikwambie ilivyokuwa.

Mwezi wa pili msichana alisimamisha gari mbele ya karakana. Mrefu, nywele fupi, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyetengeneza geti la nyumba moja hapa juu, lile ambalo lori la matofali lililigonga likirudi nyuma. Nikashtuka, nikadhani geti limekatika. Akacheka. "Ukuta ndiyo umepasuka. Geti liko sawa. Nataka fundi wa hilo geti anitengenezee rola ya nanga."

Afande, niliweka nyundo chini. Tangu lini mtu akaniambia maneno hayo matatu mfululizo, rola ya nanga? Nikamtazama usoni na nikamwona baba yake. Alikuwa Nakato, binti wa Mwalimu Kasirye. Yule mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa ndani ya boti siku ile.

Nikamwambia kwa adabu ya Kiganda, "Nnyabo, utafute mtu mwingine. Mimi ndiye yule."

Akasema, "Najua wewe ni nani. Baba ndiye hajui kama nimekuja."

Boti sasa ni yake. Baba yake hakuigusa tena, ilikaa pale yadi ya boti ya Ggaba, kando ya ziwa, juu ya magogo na nyasi zikaota chini yake, mpaka huyu binti alipomaliza chuo na kuanza kuifufua. Ile ile Kirabo, boti ya matanga yenye kibanda cha kulala watu wanne. Amenunua nanga mpya, nzito karibu mara mbili ya ile ya zamani, na mnyororo mnene. Ile rola ndogo ya puani, ya kupitishia mnyororo, uliyoiweka wewe baada ya ajali haiwezi kuibeba. Kigurudumu chake kimeliwa mpaka kimekuwa na mtaro, mashavu yake, vile vibamba viwili vya pembeni, ni membamba, na nanga mpya ikipanda inagonga pua ya boti. Alitaka rola ndefu zaidi, mashavu mazito yenye midomo iliyopinda nje ili mnyororo ukivutwa kwa upande usikatwe na ukingo, na pini ya kupita juu ili mnyororo usiruke. Alikuwa amechora. Mtoto wa mwalimu wa uchoraji wa mitambo, ungetegemea nini? Mistari yake ilikuwa safi.

Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshakubali.

Unakumbuka rola ya kwanza? Lazima unakumbuka, wewe zaidi ya mtu yeyote. Mimi nilichomelea, wewe ulifunga. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo hukusimama nyuma yangu. Ulinipa chuma kisichoshika kutu, ukaniambia, "Leo mimi natembea, wewe unapika." Nikapika, maana yake nikachomelea, mashavu mawili na kitako cha kukaa juu ya sitaha, na baadaye nikakata lile bamba la chini, la kukaa ndani ya boti chini ya sitaha, ili bolti nne zikibana zibane bamba na siyo mbao tupu. Nikalitoboa matundu manne. Nikaligonga herufi W kwa nyundo kwenye kona, kwa majivuno ya kijana. Ukaliona ukacheka. Ukasema, "Wafula, juu ni ya mwenye boti kuangalia. Chini ni ya ziwa kuangalia. Ziwa litasoma jina yako."

Jioni ile nilikwambia jambo ambalo sikumwambia mtu mwingine. Nilikwambia umeme ulicheza nilipokuwa kwenye shavu la kushoto, ukapungua ukarudi, na kwamba nililirudia lakini roho yangu haikutulia. Uliligeuza mkononi, ukaligonga, ukasikiliza. Ukasema, "Hii iko nguvu. Wewe lala." Nikalala, kwa sababu wewe umesema.

Kesho yake ukanituma mjini kutafuta silikoni ya kuziba maji. Nilizunguka maduka mpaka saa nane. Niliporudi Ggaba rola ilikuwa imeshafungwa, inang'aa, nawe umekaa kwenye ndoo unafuta mikono. Mwalimu na familia yake walikuwa wanaondoka Ijumaa hiyo kwenda kisiwa cha Kome. Nikauliza, bamba limekaa vizuri? Ukasema, "Limekaa." Neno moja. Hata silikoni hukuitumia, ulisema umepata nyingine kwa jirani.

Jumapili asubuhi upepo wa kusini uliwakuta wametia nanga. Boti ikaanza kuinama na kuinuka. Mwalimu akatoka mbele kuongeza mnyororo, na rola ikang'oka mikononi mwake. Mnyororo ukakimbia kwa upande, ukaubana mkono wake wa kulia kwenye ukingo, ukaondoka na vidole viwili. Mtu anayefundisha kuchora, Afande. Mkewe alikuwa ndani na mtoto. Boti ikasukumwa mpaka kwenye mawe, na wavuvi ndio waliowatoa.

Wewe ulikwenda kuivuta boti pamoja na wavuvi. Mimi nilikuwa kanisani, nilipata habari Jumatatu. Nilipofika yadi ulikuwa umeshaziba sitaha kwa vitambaa vya faiba na gundi, na watu wamesimama: bosi wa yadi, mke wa Mwalimu, waendesha boti. Ukaniambia mbele yao wote, sauti ya chini, kama mtu anayeumia, "Weldi yako imekatika, Wafula. Shavu ya kushoto. Mimi nimeona na macho." Nikauliza iko wapi. Ukasema, "Ziwani."

Shavu la kushoto. Ulichukua lile nililokunong'oneza na ukalitoa hadharani.

Na mimi niliamini. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa ninapoandika. Sikubishana hata dakika moja. Nilikuwa nikilingojea shavu la kushoto tangu siku umeme ulipocheza, na wewe ulijua kwamba nalingojea.

Bosi alinifukuza palepale. Nilikwenda hospitali kumwomba radhi Mwalimu, akageuza uso ukutani. Miaka kumi na mmoja nikikutana naye njiani Kyambogo ananipita kama nguzo. Waendesha boti wa Ggaba wakanipa jina, unalijua, uliwahi kuwagombeza kwa ajili yangu: "Imekatika." Nikishuka tu pale kununua samaki, "Imekatika amekuja! Imekatika, leo umekata nini?" Nikaacha kushuka. Nikaja Ntinda, nikawa mtu wa mageti na nondo za madirisha.

Lakini jina si kitu. Niliacha kuamini mkono wangu. Unaelewa? Nilikuwa napika kiungo kimoja mara tatu. Nilikuwa nafunga geti la mtu, napokea shukrani, naondoka, na baada ya wiki mbili narudi na nyundo kuligonga, kusikiliza kama limetoa mlio mbaya. Askari wa getini walidhani mimi ni kichaa. Nasimiyu alisema mageti yangu ni mazito kama ya jela, nikamwambia afadhali yawe mazito. Faith akiegemea kitanda nilichomtengenezea na kikalia kidogo, nilikuwa nainama na tochi kukagua viungo.

Nawe ulikuja kila Jumapili. Kila Jumapili, Afande! Ulipanda kilima na nyonga yako, na bakuli la malakwang, ile mboga chachu ya kwenu aliyopika Shemeji, lenye ufuta juu, lililofungwa kwa kitambaa. Ulikaa kwenye kiti changu. Ulinifundisha upya kupika chuma chembamba. Nikilalamika ulinishika bega ukasema, "Kila fundi anakosea mara moja. Yako imepita. Achana nayo." Mimi nilikuwa nakushukuru. Niliwaambia watu: Kampala nzima ilinitupa, ni Afande peke yake aliyenisamehe.

Ulinisamehe!

Basi nilikwenda Ggaba. Nakato alikuwa ameshaondoa rola yako ndogo. Ulikuwa umeifunga nyuma kidogo ya mahali pa ile ya kwanza, na matundu ya zamani umeyafunika kwa faiba na rangi nyeupe, kwa juu tu. Kwa rola mpya ilibidi nijue mbao za ndani ziko katika hali gani, kwa hiyo nikavua shati, nikaingia kwenye kile kishimo cha mnyororo mbele kabisa, kichwa kwanza, na tochi mdomoni. Ni padogo mno. Mabega yanagusa kulia na kushoto, magoti yanabaki nje. Nilikuwa mwembamba zamani, sasa nilisukumwa na Nakato kama gunia.

Nikageuka chali. Nikaangaza juu.

Bolti mbili za mbele za zamani zilikuwa bado pale. Vichwa vyake vilikatika kwa juu rola ilipong'oka, nawe ukavisawazisha kwa grainda, lakini kwa chini hukugusa kitu. Nati zipo. Na chini ya nati, washa ndogo, zile za duara za upana wa kizibo cha soda. Bamba hakuna. Bolti za nyuma hazikuwepo, pana mashimo mawili makubwa, na mbao imepasuka kuelekea juu, nyuzi zake zote zimeelekea juu, kama mahali ambapo kitu kimevutwa kikapita. Nikapapasa kwa vidole nikitafuta hata alama ya bamba, mstari, mkwaruzo, gundi. Mbao ilikuwa safi tangu kiwandani.

Nikalala pale chali, sijui kwa muda gani. Nakato akaniita mara mbili.

Hukuwa na haja ya kuniambia kitu, mbao yenyewe ilinieleza. Shavu la kushoto lingekatika, kitako kingebaki juu ya sitaha na bolti zake nne. Hakikubaki. Rola ilitoka nzima, na weldi zangu zote, na zile bolti za nyuma zikapita kwenye mbao kama sindano kwenye nguo kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzishika. Weldi yangu iko chini ya ziwa mpaka leo, na haijakatika.

Nilimwambia Nakato nina dharura. Nikapanda boda mpaka Namuwongo.

Shemeji alikuwa anachambua mchele. Sikumsalimia hata vizuri. Nikamwuliza kama uliwahi kuacha kipande cha chuma cha boti, cha matundu manne. Akaweka ungo chini. Akaenda kwenye sanduku lako la bati, akatoa nguo za jeshi moja moja, na chini kabisa, ndani ya shati la sare, akatoa bamba langu. W kwenye kona. Matundu manne, kingo zake kali kama siku nilipoyatoboa. Hakuna bolti iliyowahi kupita humo.

Akasema, "Aliniambia, kama Wafula anauliza hii chuma, mpe. Kama haulizi, nyamaza."

Nimeyageuza hayo maneno kila upande. Kama anauliza. Niulize nini, Afande? Niulize kwa msingi gani, wakati ulishaniambia umeona kwa macho? Ulitaka mimi mwenyewe, niliyefukuzwa Ggaba, nitambae ndani ya boti ambayo siruhusiwi kuikaribia, nikakute, halafu nije nikuulize? Na nisipokuja, Shemeji anyamaze na mimi nizeeke na kosa lako?

Hakujua ni chuma cha nini. Nilimweleza palepale, na nikaona mikono yake inatafuta mahali pa kushika. Akasema kitu kimoja tu: "Ile wiki nyonga yake ilikuwa mbaya. Nilikuwa namvalisha suruali."

Ndipo nikaona kila kitu. Nati na washa ndogo mtu anaweza kuzifikia kwa mkono mmoja akilala kifudifudi juu ya sitaha. Bamba haliwezekani hivyo, ni lazima uingie, ulale chali, ulishike kwa mikono miwili. Hukuweza kuingia. Bosi wa yadi alikuwa ameshaanza kusema mzee wa nyonga amechoka, atafute kazi ya kulinda. Ukanituma mjini ili nisikuone ukijaribu. Naamini ulijaribu. Naamini ulikwama, ukatoka na jasho, ukaliweka bamba kwenye mfuko, ukajiambia washa zitatosha kwa safari moja na utarekebisha wakirudi. Ungenisubiri tu! Ungeniambia, Wafula, ingia. Ningeingia nikiimba. Dakika ishirini. Nani angejua? Nani angekucheka, mimi?

Nakuonea huruma nikifika hapo. Halafu nakumbuka Jumatatu ile, na sauti yako ya chini, na huruma inaondoka. Kushindwa kuingia ni mwili. Kunisimamisha mbele ya watu na shavu langu la kushoto, hiyo ilikuwa akili yako nzima, umekaa umeipanga.

Shemeji alinishika mkono nikiondoka. "Usiseme kwa watu. Amekufa. Watoto wake wanabeba jina lake." Nilirudi Ggaba na bamba mfukoni na sikujua nitafanya nini. Ningeweza kunyamaza. Ningefunga rola mpya, ningefunika matundu, na wewe ungebaki Afande wa watu wote. Nilitembea juu ya ile gati huku na huku, mpaka mwendesha boti mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akaita kwa mazoea tu, bila hata ubaya, "Imekatika! Banange, umerudi!"

Nikamwambia Nakato, mpigie baba yako.

Mwalimu alifika saa kumi. Amezeeka. Aliponiona akasimama, akataka kurudi garini, binti yake akamshika kiwiko na kumwambia kitu kwa Kiganda. Sikuhutubia. Nilimpa tochi, nikamwambia, "Mwalimu, wewe unajua kusoma mchoro. Tafadhali soma hapa." Akapiga magoti kwenye sitaha, na suti yake, akaingiza kichwa ndani ya kile kishimo. Akakaa humo. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia juu, nikauona ukipapasa zile mbao zilizopasuka, vidole vitatu, polepole, tundu kwa tundu. Alipotoka nikampa bamba. Akaingiza mkono tena, akalipima kwenye matundu, kona kwa kona. Lililingana.

Akauliza, "Nani alifunga?"

Afande, nilitaja jina lako. Nilisema yote: nyonga, silikoni, shavu la kushoto, sanduku la bati. Aliposikia jina lako akafumba macho, maana alikuja Gulu kwenye mazishi yako, alikaa kiti cha mbele, nami nilikaa nyuma kabisa ili nisimkere.

Aliligeuza bamba mkononi. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, ambacho sikuwahi kukisikia kwa sababu hakuwahi kuongea nami, "Miaka kumi na moja mimi nakataa kukusalimia." Akanipa mkono. Ule ule. Niliushika, na nilipouachia nilikuwa nalia kama mtoto, na waendesha boti wote wamesimama wanatazama. Waache watazame. Waliwahi kutazama siku nyingine pia.

Kuna jambo jingine na hili ni langu. Wiki ya mwisho kule hospitali, uliponiita karibu ukasema, "Wafula, iko kitu ya ile boti," mimi nilikufunika shuka nikakwambia, "Afande, mambo ya boti yaliisha, mimi nilishasahau, pumzika." Ulinishika shati. Nikadhani ni maumivu, nikamwita nesi. Uliniachia. Hukujaribu tena, na ulikuwa na siku tano. Nimejiuliza kama nilikufungia mlango. Labda nilikufungia. Lakini ulikuwa na Jumapili za miaka kumi na mmoja kabla ya hiyo, na katika hizo zote mdomo wangu ulikuwa umejaa chakula chako na masikio yangu yalikuwa wazi.

Kazi nimeimaliza. Mashavu ni ya chuma cha milimita nane, midomo imepinda nje, kigurudumu nilikiagiza kwa mkerezaji wa Katwe kwa plastiki ngumu nyeusi, kipana, chenye mfereji wa kupokea mnyororo. Pini inapita juu. Mbao zilizopasuka nimezitoa nikajaza upya, na bamba jipya ni kubwa kuliko lile, linakwenda mpaka kwenye ubavu wa boti. Nililifunga mwenyewe, chali, na Nakato akikaza bolti kwa juu, tunaitikiana: kaza, bado, kaza. Tulikwenda kuijaribu mbele ya Ggaba. Tukatia nanga, tukarudisha boti nyuma kwa injini mpaka mnyororo ukanyooka na pua ikainama. Mwalimu alikuwa amekuja, amekaa nyuma, ameshikilia kofia. Niliweka kiganja juu ya rola. Haikusogea. Sikuchukua nyundo kuigonga.

Nakato ameniomba nitengeneze rola za boti nyingine mbili pale. Nimekubali. Bosi wa yadi ni mwingine sasa. Wale wa Ggaba bado wananiita Imekatika, wamezoea, lakini wanaposema wanaangalia chini.

Shemeji hajanisamehe kwa kusema. Watoto wako wamesikia. Mkubwa alinipigia simu akaniuliza kama nimefurahi. Nilimwambia hapana, na ni kweli. Jumapili sasa hakuna mtu anayepanda kilima. Nasimiyu anapika, tunakula, kile kiti hakuna anayekikalia. Unaona ulichonifanyia? Umeninyang'anya hata wewe mwenyewe. Nilikuwa na mtu mmoja Kampala, na sasa nikimkumbuka sijui nilikuwa nakula na nani.

Sina baba, ulijua. Siku tuliyokuzika, ndugu zako walipouliza huyu Mkenya anayelia hivi ni nani, Shemeji alijibu, "Ni mtoto wa Otim wa Kampala." Nilirudi kwenye basi nimebeba hilo neno kama zawadi. Sijui sasa nilirudishe kwa nani.

Leo nikifika nyumbani nitamwambia Faith. Nitamwambia lote, la baiskeli na la bamba, bila kukupaka matope na bila kukusafisha, na atakachoamua juu yako kitakuwa chake. Kuhusu mimi, nakuahidi mambo mawili. Sitakusema kwa mtu ambaye hajaniuliza. Na Shemeji, hata akinifungia mlango, paa lake likivuja nitapanda.

Lala, Afande. Sijakusamehe. Siku nitakapokusamehe nitapanda basi mpaka Gulu, nitasimama pale ulipo na nitakwambia kwa mdomo wangu. Sitatuma barua.

Wafula
Ntinda